Staji ya msitu ukiwa Bukavu: Lwiro, Tshivanga, vijijini au Yangambi?

Masomo yakikaribia kwisha, wanafunzi wa biolojia, mazingira na kilimo wa hapa Bukavu huanza kutafuta pa kubisha hodi. Chuo kinadai staji, yaani mafunzo kazini, profesa anadai memwari, yaani tasnifu ya kuhitimu, na msitu wenyewe uko pale juu: asubuhi isiyo na ukungu, mlima Kahuzi unaonekana kutoka mjini. Barua huandikwa nyingi kwa mkupuo mmoja, zikapelekwa kila ofisi yenye picha ya gorila ukutani, na anayejibu wa kwanza ndiye anayekubaliwa. Nimeona vijana wenye akili sana wakimaliza miezi yao ya staji kwa namna hiyo bila kupima hata mti mmoja. Walipiga fotokopi, wakapanga viti vya semina, wakapewa cheti.

Ulinganisho huu nimewaandikia wadogo zangu walio katika hatua hiyo, pamoja na yule aliyekwisha kuhitimu na anataka kujitolea kuliko kukaa bure nyumbani. Msimamo wangu nautoa mapema ili usije ukautafuta katikati ya maneno: usichague kwa kufuata mnyama wala jina la shirika. Chagua kwa kumwangalia mtu atakayesimama nawe chini ya mti akakusahihisha, na kwa kuangalia utaondoka na nini mkononi. Kwa wengi wa hapa, mahali pa kwanza ni Lwiro, tena upande wa mimea, si upande wa sokwe. Nitaeleza sababu, na nitataja pia nani asinifuate.

Staji na kujitolea

Watu huyachanganya haya mawili, na mara nyingi mwisho wake ni lawama. Staji ina mkono wa chuo ndani yake: kuna barua rasmi, kuna msimamizi wa chuo na msimamizi wa huko uendako, kuna muda unaojulikana, kuna ripoti inayopewa alama. Ukikwama, una pa kupeleka neno. Anayejitolea hana mkono huo. Anaweza kukaa mwaka mzima, anaweza kuondoka kesho, na hakuna anayelazimika kumfundisha kitu.

Hata hivyo, anayejitolea na kukaa muda mrefu huona mambo ambayo mwanastaji wa miezi miwili hawezi kuyaona. Mti uleule anauona ukichanua, ukizaa, ukipukutisha majani, ukikaa mwaka mzima bila ua hata moja. Ufuatiliaji wa maua na matunda unahitaji mtu anayerudi kwenye miti ileile kila mwezi, mvua isinyeshe au inyeshe, na mtu wa aina hiyo ni adimu katika kila kituo cha utafiti ninachokifahamu.

Kwa hiyo, ukiwa bado chuoni, fanya staji kwanza. Ukihitimu, jitolee palepale ulipofanyia staji, kwa sababu wameshakujua na hutaanza tena kwa kufagia. Ukilazimika kujitolea mahali pageni, omba ukurasa mmoja wa maandishi: kazi ipi, muda gani, nani anakusimamia, nani analipa nauli na chakula, na jina lako litaandikwa wapi siku data zako zitakapotumika. Shirika lisilotaka kuandika ukurasa huo limekwisha kukujibu.

Lwiro: milango miwili katika kiwanja kimoja

Lwiro iko Kabare, kilomita 40 na zaidi kidogo kaskazini mwa Bukavu, ukishapita Kavumu kwa barabara ya kuelekea Katana. Majengo yale makubwa yalijengwa na Wabelgiji kwa ajili ya IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoanzishwa 1947. Leo ni CRSN, kituo cha taifa cha utafiti wa sayansi asilia. Wengi wakisikia jina la Lwiro wanawaza sokwe tu, wanabisha mlango mmoja na kuupita mwingine bila kuuona.

Mlango unaojulikana ni CRPL, kituo cha kulelea sokwemtu na nyani wengine, kilichoanzishwa 2002 kwa ushirikiano wa CRSN na ICCN, taasisi ya taifa inayosimamia hifadhi. Wanyama wake wametolewa mikononi mwa wawindaji na wachuuzi. Mara nyingi mama aliuawa kwa ajili ya nyama, na mtoto akauzwa. Kazi ya hapo ni kuandaa chakula, kusafisha, kuwatafutia wanyama matawi na vitu vya kuwachangamsha, kuangalia tabia na kuandika nani amekula, nani amejitenga, nani amepigana na nani. Kwa mwanafunzi wa udaktari wa mifugo au wa tabia za wanyama, hii ni shule ya kweli, na hapo simshauri aende kwingine.

Ila ajue mambo mawili. Sokwemtu huambukizwa magonjwa yetu; mafua yanayokupitia wewe kwa siku mbili yanaweza kumuua yeye. Ndiyo maana vituo vya aina hii hudai vipimo vya kifua kikuu na uthibitisho wa chanjo, hutumia barakoa, na humrudisha nyumbani mtu mwenye kikohozi. Anayekwenda akitarajia kubeba mtoto wa sokwe na kupigwa picha amekosea mahali, na kituo kizuri ndicho kitakachomkatalia. Jambo la pili ni kwamba sokwe aliye ndani ya uzio hakufundishi msitu. Atakufundisha subira, usafi na uangalizi makini. Kwa nini miti ya mlimani inalemewa na mitambaazi, hilo hutalijua kwake.

Mlango wa pili ni CRSN yenyewe: maabara, maktaba, mkusanyiko wa wanyama waliohifadhiwa, na hebariamu, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Hapa ndipo ningempeleka mdogo wangu wa damu.

Kazi yenyewe haina mvuto wa picha. Unajifunza kukata tawi lenye ua au tunda, kulibana ndani ya magazeti, kulikausha kabla ukungu haujaliharibu, na kuliandikia lebo: mahali, mwinuko, tarehe, jina la mkusanyaji, rangi ya ua kabla haijapotea, jina la Kimashi, wenyeji wanautumia kwa nini. Unarudia, unarudia tena. Baada ya muda jicho linafunguka. Unaanza kuona kama majani yanatazamana au yanapishana, kama kuna utomvu, wa rangi gani, gome linanuka vipi. Symphonia globulifera ukilikwangua gome lake hutoa utomvu wa manjano ambao ukiuona mara moja huusahau. Prunus africana hunuka kama lozi chungu. Ni mti uleule ambao gome lake husafirishwa kwenda kutengenezwa dawa za tezi dume, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Mwanafunzi anayeutambua Prunus gizani kwa harufu ana mazungumzo ya kufanya na mwanasayansi, na mfanyabiashara, na mzee wa kijiji.

Kwa nini naipa kazi hii uzito kuliko nyingine zote? Kwa sababu karibu kila utafiti wa msitu wa mvua, wa gorila, wa nyuki, wa kaboni, hufika mahali ukauliza: mti huu ni upi? Anayefuata gorila lazima ajue wamekula nini. Anayekadiria kaboni anapima unene wa shina kwa kimo cha mita 1.30 kutoka ardhini, lakini bila kujua spishi hajui uzito wa mbao yake, na hesabu yote inayumba. Miradi inamtafuta mtu anayejua miti, na wanaoijua wengi wao wamezeeka. Kijana akiingia hapo leo, njia haina msongamano.

Kuna mfano mmoja ambao ningependa kila mwanafunzi wa Kivu aujue. Corneille Ewango alikuwa mtaalamu wa mimea kule Epulu, katika Hifadhi ya Okapi, vita vilipoingia Ituri. Wengine wengi walipoondoka yeye alibaki. Aliificha hebariamu na kumbukumbu za utafiti, akajificha msituni, na kazi ya miaka ikaokoka. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Hakuwa mlinzi mwenye bunduki. Alikuwa mtu wa majani makavu na lebo, na alijua vinastahili kuokolewa.

Udhaifu wa Lwiro siufichi. Vifaa vingi ni vya zamani, umeme na intaneti havina uhakika, na watafiti wamefanya kazi miaka mingi kwa malipo madogo. Unaweza kupangiwa msimamizi ambaye humwoni. Kwa sababu hiyo usiandike barua kwa kituo tu. Soma kwanza nani anachunguza nini, kisha mwandikie mtafiti huyo, ukimtajia kazi yake na swali lako. Katika kituo hiki walipita watu kama Augustin Basabose, aliyechunguza chakula cha sokwemtu wa msitu wa Kahuzi na kushirikiana na Juichi Yamagiwa wa Chuo Kikuu cha Kyoto. Kituo kilikuwa na matatizo wakati huo pia. Kilichowavusha ni swali zuri na ustahimilivu wa kurudi msituni.

Tshivanga: kuamka na mapistari wa gorila

Parki ya Kahuzi-Biega ilianzishwa 1970 kwa juhudi za Mbelgiji Adrien Deschryver, ikaingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1980, na tangu 1997 iko katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ina kilomita za mraba zipatazo 6,000, kutoka msitu wa bonde wa mita 600 hivi hadi kilele cha Kahuzi, mita 3,308. Mahali pachache sana Afrika ambapo msitu wa chini na wa mlimani bado umeunganika hivyo. Kituo cha Tshivanga kiko upande wa mlimani, mwendo wa kilomita 30 na kitu kutoka mjini ukipita Miti.

Ukipokelewa na ICCN huko, faida yako kubwa ni mapistari, wale wafuatiliaji wa nyayo. Gorila hujenga kiota kipya kila jioni, na asubuhi kinyesi hubaki ndani yake. Pistari hahitaji kumwona mnyama: anahesabu viota, anapima kipenyo cha kinyesi, anaangalia nywele. Kinyesi cha sentimita 7 na zaidi pamoja na nywele za rangi ya fedha ni cha dume kubwa. Kidogo kando ya kikubwa ni cha mtoto anayelala na mama yake. Kwa njia hiyo idadi ya gorila wa upande wa mlimani wa parki imefuatiliwa tangu miaka ya 1970, na kwa njia hiyo pia tulijua ukubwa wa msiba wa vita: kutoka takriban 245 mwaka 1996 hadi karibu nusu ya hapo mwaka 2000. Mwanafunzi aliyefundishwa kusoma kiota na mtu mwenye uzoefu wa miaka ishirini amepata kitu ambacho darasani hakipo.

Utajifunza pia umbali. Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa kukaa angalau mita 7 kutoka kwa gorila. Tangu COVID-19 wataalamu wanapendekeza 10, na barakoa usoni.

Kasoro yake ni kwamba data ni za parki. Mwanastaji mara nyingi anajaza fomu ambazo hatazichambua yeye. Kabla ya kuanza, uliza kama utaruhusiwa kuzitumia kwa memwari yako, na jibu liwe la maandishi. Kupanda mlima kila siku kisha kunyimwa takwimu wiki ya mwisho ni maumivu ambayo yameshawapata wengine. Pia sehemu kubwa ya parki, hasa ya bonde, haifikiki kwa mwanafunzi kwa sababu za usalama. Usijipangie mada inayohitaji kufika huko.

Na kuna jambo ambalo huwezi kuliruka ukiwa mtoto wa nchi hii. Batwa, wenyeji wa asili wa msitu, waliishi humo na waliondolewa miaka ya 1970 bila ridhaa yao. Wengine walirudi 2018, na yaliyofuata yalikuwa ya damu. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu uliowapa haki yao. Wengi wa mapistari wa tangu mwanzo walikuwa Batwa. Ujuzi ule wa viota niliousifu hapo juu una asili yake kwao. Ukitumwa kuuliza maswali katika makazi ya Batwa ukiwa umevaa fulana ya parki, majibu utakayopata yatakuwa majibu ya kuijibu fulana. Mwanafunzi anayetaka kuchunguza uhusiano wa watu na hifadhi ni heri apitie mlango unaofuata sasa.

Vijijini: misitu ya jamii na vitalu vya miche

Sheria ya misitu ya 2002 iliacha nafasi kwa jamii za wenyeji kusimamia misitu yao, na amri ya tarehe 2 Agosti 2014 ikaeleza utaratibu: jamii inaweza kupewa kibali cha msitu wa hadi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Tangu hapo kazi imekuwa nyingi kuliko watu wa kuifanya. Lazima mipaka ichorwe pamoja na wazee, GPS mkononi; lazima miti na wanyama wahesabiwe; lazima uandikwe mpango wa usimamizi ambao mkulima anaweza kuusoma.

Hapa Bukavu, Strong Roots ya Dominique Bikaba imejikita katika kuunganisha Kahuzi-Biega na Hifadhi ya Itombwe kwa misitu ya jamii, ili gorila na sokwe wapate njia ya kupita bila watu kufukuzwa. Upande wa Miti kuna Pole Pole Foundation, iliyoanzishwa 1992 na John Kahekwa, aliyewahi kuwa kiongozi wa wageni katika parki na kuona kwamba tumbo lenye njaa halisikii habari za hifadhi. Wamefanya kazi ya vitalu vya miche, shule, na kilimo cha spirulina, mwani unaoliwa, dhidi ya utapiamlo. Mwaka 2021 walifika fainali ya tuzo ya Earthshot. Nayataja haya mawili kwa sababu yanajulikana, si kwamba yana nafasi leo. Hilo utaliuliza mwenyewe.

Mtu wa hapa ana nguvu kubwa kwenye kazi hii. Mwanafunzi kutoka Ulaya anayekuja kujitolea atahitaji mkalimani, gari na mtu wa kumweleza kwa nini mzee amenyamaza. Wewe unaongea Kiswahili, labda Kimashi au Kilega, unajua kusalimia, unajua ni nani aongee kwanza mbele ya mwami, yaani chifu wa jadi. Hakuna programu ya kompyuta inayochora mpaka wa msitu ambao koo mbili zinaugombania. Anauchora mtu anayejua kusikiliza.

Hasara yake: mashirika madogo huishi kwa miradi. Mwaka 2025 Marekani ilipoivunja USAID, shirika lake la misaada lililokuwa likigharamia uhifadhi wa Afrika ya Kati kwa miaka mingi, ofisi nyingi zilibaki bila fedha ghafla. Staji inaweza kufa katikati. Sayansi yake pia ni ya haraka zaidi: hesabu za miti hufanywa kutimiza faili, si kujibu swali. Ukienda huko bila kujua miti, utaandika majina ya kienyeji tu, na majina hayo hubadilika kutoka bonde moja hadi jingine. Hii ndiyo sababu nyingine ya kupita Lwiro kwanza.

Anayesoma maendeleo vijijini, sheria au jamii, asinifuate Lwiro. Aje moja kwa moja hapa.

Yangambi na Epulu: msitu mkubwa, safari kubwa

Ukisema msitu wa mvua wa Kongo kwa mtu wa nje, picha anayoipata si ya mianzi na baridi yetu ya Kahuzi. Anawaza bonde la mto. Yangambi, kilomita 100 hivi kutoka Kisangani kwa kuteremka mto, ndipo Wabelgiji walipoweka INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo, mwaka 1933. Leo ni INERA. Ina hebariamu ya sampuli takriban 150,000, ina maabara ya biolojia ya mbao, na ina mnara wa CongoFlux wa mita 55 unaopima jinsi msitu unavyovuta na kutoa hewa ya ukaa, wa kwanza wa aina yake katika msitu wa bonde la Kongo. Mradi wa FORETS wa CIFOR, kituo cha kimataifa cha utafiti wa misitu, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, ulisomesha wanafunzi wengi wa uzamili na udaktari katika Chuo Kikuu cha Kisangani, na kizazi hicho sasa ndicho kinachosimamia wengine.

Epulu, Ituri, kuna viwanja vya utafiti vya jumla ya hekta 40 vilivyoanza 1994, ambamo kila mti wenye unene wa sentimita 1 na zaidi umepimwa, umepewa namba na jina. Utaratibu ni uleule wa kiwanja cha hekta 50 cha kisiwa cha Barro Colorado, Panama, kilichoanza 1980. Maana yake, mtu aliyejifunza kupima Ituri anaweza kukaa meza moja na mtu wa Panama au Malaysia wakalinganisha namba zao bila kubishana juu ya njia.

Kwa sayansi tupu ya msitu, Yangambi inaishinda Lwiro. Sina shaka. Kuna watu wengi wa kukufundisha, kuna maswali yanayoendelea miaka na miaka, kuna uzamili unaoweza kufuata. Lakini kwa anayetoka Bukavu, hasa ngazi ya lisansi, yaani shahada ya kwanza, naona gharama inazidi faida. Njia ni ndefu, viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilifungwa vita vilipofika mwanzoni mwa 2025, na ukiugua huko huna shangazi wa kukupikia uji. Epulu nayo ina historia yake: mwezi Juni 2012 wanamgambo waliivamia stesheni, wakaua watu na okapi 14.

Yangambi iwe hatua ya pili. Nenda ukiwa unajua kubana sampuli, kupima shina, na kutambua familia za mimea kwa jani tu. Atakayekupokea atakuweka kwenye kazi ya maana tangu wiki ya kwanza.

Kuvuka mpaka

Nitakuwa mfupi. Kozi za mwezi mmoja za Tropical Biology Association, ambazo zimekuwa zikifanyika katika misitu kama Kibale ya Uganda na Amani ya Tanzania, huchanganya vijana wa Afrika na wa Ulaya, na hutafutia Waafrika ufadhili. Ni nzuri sana kwa kujifunza kuunda swali na kulijaribu kwa siku chache. Zinadai Kiingereza cha kweli, si cha kuombea maji. Aliyesoma kwa Kifaransa maisha yake yote aanze mazoezi mwaka mmoja kabla.

Matangazo ya kujitolea yanayoomba mamia au maelfu ya dola kwa wiki chache ni kitu kingine. Yametengenezwa kwa ajili ya wageni kutoka nchi tajiri, na pengine fedha yao huendesha kituo, kwa hiyo siyalaani. Ila wewe usikope kwa ajili hiyo. Vituo vingi vina utaratibu tofauti kwa wanafunzi wa nchi husika, andika uulize.

Nauli, kitanda, njia

Hili ndilo linaloamua kwa wengi, tusijidanganye. Staji nyingi hapa hazilipi. Tshivanga na Miti unaweza kwenda na kurudi, lakini pikipiki kila siku humaliza mfuko kabla ya mwezi kwisha. Lwiro ni afadhali utafute chumba kwa familia ya pale kijijini. Hesabu pia buti za mpira, koti la mvua, daftari lisiloloa, na dawa. Ukiambiwa ulipe ada ya staji, omba risiti na uliza inalipia nini. Kulipa kwa ajili ya matumizi ya maabara kunaeleweka. Kulipa ili upewe saini ni kununua karatasi, na siku ya usaili karatasi hiyo haitakusaidia kutaja mti hata mmoja.

Dada zangu, waulizeni wasichana waliotangulia mahali hapo, msiwaulize wakubwa wa ofisi. Mnalala wapi, mlango unafungwa kwa ndani, kambini kuna mwanamke mwingine? Msimamizi anayeudhika kwa maswali hayo asiaminiwe na binti yeyote.

Kuhusu usalama, tangu vita vilipoingia mjini Februari 2025 hakuna anayeweza kukuandikia leo njia ya mwezi ujao. Waulize wanaopita: madereva wa Kavumu, wauza mboga wa Miti, mapistari wenyewe. Mada yako ya memwari iwe na sehemu ya pili inayoweza kufanyika bila kuingia msituni, kwa mfano kuchambua sampuli zilizoko hebariamu au kumbukumbu za maua na matunda za miaka iliyopita. Barabara ikifungwa, hutapoteza mwaka.

Barua ipelekeni miezi mitatu au minne kabla, na muipeleke wenyewe kwa mkono pale inapowezekana, kwa sababu barua pepe nyingi hazijibiwi. Iwe ya ukurasa mmoja. Isianze na mapenzi yako kwa wanyama tangu utotoni. Ianze na swali unalotaka kulijibu, kisha kazi unayoweza kuifanya tayari: kupima, kutumia GPS, kuingiza takwimu, kuongea Kimashi. Kiangazi, kati ya Juni na Agosti, njia hupitika vizuri na wanafunzi hujaa kila mahali; anayekubali kuja Oktoba, matope yakiwa yameanza na machipukizi ya mianzi yakiwavuta gorila, hupata msimamizi mwenye muda naye.